Mvua Ikikutana na Bamvua



Mvua ya 1997 sote tuliokuwa Pwani twaikumbuka. El Nino ilileta mafuriko kuanzia Oktoba, na kipindupindu kikafuata nchini. Mwisho wa 2006 tukapigwa tena, na Novemba 2023 vilevile. Kila mara tunasema: mitaro imeziba. Ni kweli, lakini si hilo tu. Katika somo hili tuitazame bahari.

Mitaro mingi ya Mji wa Kale inashuka kuelekea baharini. Wavuvi wetu wanajua kwamba mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, kuna bamvua. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Sasa mvua kubwa ikinyesha saa hiyo, na mdomo wa mtaro umezama, maji yaende wapi? Yatarudi barazani kwako.

Nchi nyingine zina shida hii hii. Uholanzi mwaka 1953 bahari iliua watu zaidi ya 1,800. Wakajenga kinga kwa miaka mingi, na 1997, mwaka ule ule wetu wa El Nino, wakafungua kizuizi chenye milango miwili, kila mmoja urefu wa mita 210, inayofungwa bahari ikichafuka. Hayo ni mambo ya serikali na fedha nyingi. Lakini iko teknolojia ndogo inayofuata akili ile ile: kilango cha bawaba kwenye mdomo wa mtaro. Maji ya mvua yakisukuma kutoka ndani, kinafunguka. Bahari ikipanda, inakisukuma kikajifunga. Hakitaki umeme wala mlinzi. Kinataka usafi tu. Chupa moja ya plastiki ikikwama mlangoni, kinabaki wazi na bahari inaingia kama zamani. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, chupa bado tunazo tele.)

Tena tukumbuke, kilango kikifungwa maji ya mvua yanangoja nyuma yake mpaka bahari ipwe. Lazima yapate pa kungojea. Hapa ndipo kikundi kina nguvu.

Piga hesabu hii. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 10 ni mita za mraba 80. Ikinyesha milimita 50, paa hilo moja linamwaga lita 4,000 kichochoroni. Nyumba kumi, lita 40,000! Na wiki hiyo hiyo twanunua maji kwa mtungi. Wazee hawakuwa wajinga: ndani ya Fort Jesus liko birika la kale la maji ya mvua, tena si dogo.

Kwa hiyo mabirika na matangi yanapunguza mafuriko pia, lakini kwa sharti moja ambalo watu hulisahau: tangi lililojaa halizuii kitu. Maji yatumike kufulia na kuosha kati ya mvua na mvua, ili pawe na nafasi. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa. Ya kunywa yachemshwe.

Kuna wanaochimba shimo ili maji yanywewe na mwamba. Sisi tunasita. Mwamba wetu ni wa matumbawe, una matundu, na uchafu unafika kisimani upesi. Na ukuta mbele ya mlango wako? Unampelekea jirani.

Kabla ya vuli, kikundi kifanye kazi hii: siku ya bamvua, saa kumi alasiri, nendeni wawili wawili mpaka mdomo wa kila mtaro wa mtaa wenu. Andikeni: umezama au uko juu? Una takataka? Choo cha nani kimeunganishwa humo? (Swali hili la mwisho huleta ugomvi, liulizwe kwa adabu.) Karatasi hiyo ipelekeni kaunti mkiwa wengi, na nakala moja ibaki kwa katibu.