Msalaba wa Kusini na Kibla Chetu



Usiku wa kwanza tulipofika Dzaleka tukitokea Uvira, tuliswali Isha kwa kukisia. Asubuhi jua likachomoza pale pale tulipokuwa tumeelekea: mashariki! Baba, ambaye fiqhi yake ni ya Kishafii, akatuamuru tuirudie. Ilikuwa Juni, anga safi, nyota tele. Suratul An'am, aya ya 97, tulikuwa tumeihifadhi, lakini nyota zenyewe hatukuzijua.

Sasa nimepanga hapa Kanengo. Taa za maghala ya tumbaku humeza nyota nyingi, ila Msalaba wa Kusini bado unaonekana. Mwishoni mwa Mei, saa mbili usiku, tazama kusini: umesimama wima. Nyota ya chini, inayong'aa kuliko wenzake, ni Acrux. Kwa darubini hugawanyika kuwa mbili. Ya juu ni Gacrux, nyekundu kidogo, na nuru yake husafiri miaka 88 hivi hadi kutufikia. Kushoto ni Mimosa. Ya kulia ni hafifu zaidi. Kushoto kabisa zipo mbili kali, Hadar na Rigil Kentaurus (hiyo Rigil ni rijl, mguu, Kiarabu chetu cha darasani). Hizo ndizo ushahidi wako, maana upande wa kulia kuna msalaba wa uongo, mkubwa na hafifu, umepoteza wengi.

Vuta mstari kwa macho kutoka Gacrux hadi Acrux, uuendeleze mara nne na nusu ya urefu huo. Kutoka hapo shuka wima mpaka upeo wa macho: ndiyo kusini halisi. Upe mgongo, uelekee kaskazini, kisha nyoosha mkono na usogee kulia kwa upana wa ngumi moja, yaani nyuzi 10 hivi. Huko ndiko Makka kutoka Lilongwe na Dzaleka. Uvira zilikuwa ngumi mbili na kidogo, kwa hiyo mazoea ya nyumbani nayo hayatoshi.

Mdogo wangu aliguna: msalaba utuoneshe kibla? Jina hilo ni la mabaharia wa Ulaya. Al-Sufi, katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964, alizihesabu ndani ya kundi la Qanturus, kama Ptolemy kabla yake.

Septemba, giza likiingia, utaukuta umelala chini kusini-magharibi. Mstari ni ule ule. Oktoba hupotelea kwenye mwanga wa jua, na hapo tafuta dira.