Haki ya Kunena Barazani

SWALI: Bwana Mhariri, ndugu yangu wa kike, aliyepata nafuu ya maradhi ya akili, ataka kuwasilisha lalamiko juu ya uhaba wa dawa katika zahanati yetu hapa Kenya. Nimzuie?

JIBU: La, usimzuie, mshike mkono. Ibara ya 119 ya Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, bila kuuliza afya yake. Na kwa kuwa zahanati zi chini ya kaunti, ombi hili lafaa kuelekezwa kwa bunge la kaunti. Hata daftari la wapiga kura, ambalo Ibara ya 83 yamfungia aliyetangazwa kuwa hana akili timamu, halimfungii mtu kwa sababu tu alipata kuugua au kulazwa, ijapokuwa, kwa itikadi yangu, maneno hayo yadhalilisha, nayo yastahili kufutwa.

Tena sauti za kutetea wenye maradhi ya akili zina athari: mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilibatilisha kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomhesabu mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, baada ya kesi iliyofunguliwa na watetezi wa haki za binadamu pamoja na madaktari wa akili.

Lakini asishurutishwe kufichua siri za maradhi yake. Aseme kadiri ya ridhaa yake, na siku atakayozidiwa, wewe umsomee waraka wake kwa niaba yake.