Kitufe Kikisema, Mtu Ajibu

Mambo ya kufanya na kutofanya kwa walimu na wazazi wa Arusha na Arumeru

Maagizo haya ni ya mwalimu wa kitengo cha elimu maalum, mzazi, bibi, na yeyote anayeshinda na mtoto asiyeweza kusema. Yanahusu kifaa kidogo sana: kitufe kikubwa ambacho mtu anakirekodia maneno, kisha mtoto anakibonyeza na maneno yanatoka. BIGmack ya kampuni ya AbleNet ya Marekani inajulikana sana katika kundi hili. Ni duara la plastiki lenye upana wa sentimita 12 na ushei, na hubeba ujumbe mmoja tu. Ndugu yake, Step-by-Step, hubeba jumbe zinazofuatana, kila mbonyezo na ujumbe wake. GoTalk 9+ ina vitufe 9 vya ujumbe na ngazi 5, kwa hiyo jumbe 45. Havihitaji kompyuta wala intaneti. Ugumu wote uko kwa watu wazima wanaomzunguka mtoto, ndiyo maana orodha hii haina upole.

Pima masikio kwanza.

Mtoto asiyesema huenda hasikii. Kumpa kiziwi kitufe cha sauti ni kumpa kitu ambacho hatajua kimesema nini, na miezi itapita huku akikosa anachostahili, yaani Lugha ya Alama ya Tanzania na watu wa kuiongea naye. Kitufe ni cha mtoto anayesikia lakini kinywa hakimtii: mwenye mtindio wa ubongo, mwenye usonji, mwenye ulemavu wa akili. Kama huna uhakika, mpeleke hospitali yenye wataalamu wa masikio, kama KCMC ya Moshi, kabla hujarekodi hata neno moja.

Usisubiri "awe tayari".

Hakuna mtihani wa kuingilia katika kuzungumza. Na usimsikilize anayekuambia kitufe kitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walichapisha mapitio ya tafiti kuhusu jambo hilihili. Kati ya watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja aliyepoteza usemi kwa kupewa njia mbadala ya kuwasiliana. Asilimia 89 waliongeza usemi, ingawa kwa kiasi kidogo. Jirani mwenye wasiwasi mwambie hivyo, kisha endelea na kazi.

Usianze na choo.

Ujumbe wa kwanza unaomjia mwalimu kichwani ni "Naomba kwenda chooni". Unamfaa nani? Unamfaa mwalimu. Haja huja mara chache kwa siku, haingoji kifaa kitafutwe, na mtoto hapati raha yoyote kwa kuitangaza mbele ya wenzake. Neno la kwanza liwe neno linalowaamsha watu na kuwageuza wamtazame. Choo kitakuja baadaye, na hata hapo rekodi "Mwalimu, njoo karibu", amalize mengine kwa ishara. Siri ya mwili wake si tangazo.

Rekodi maneno yanayodai jibu.

Hapa Kiswahili kinatupa mtaji ambao walimu tunausahau. Lugha yetu imejaa maneno ambayo yakishatamkwa, waliopo hawana budi kuitika: hodi na karibu, paukwa na pakawa, shikamoo na marahaba. Mzee ambaye hajawahi kukaa na mtoto mwenye ulemavu, ambaye angemwangalia mtoto huyu kwa huruma na kupita, hawezi kuiacha shikamoo bila marahaba. Malezi yake hayamruhusu. Akishaitika amekwisha kuzungumza naye, apende asipende. Mtoto naye akikosea akamwamkia rika lake shikamoo, watoto watacheka na yeye atacheka. Msimsahihishe kwa ukali. Ndivyo kila mtoto anavyojifunza nani anaamkiwa.

Lakini kuliko vyote, rekodi vitendawili. Kitufe kimoja chenye neno "Kitendawili!" kinaweza kulisimamisha darasa zima, kwa sababu hakuna mtoto wa shule anayeweza kujizuia kupiga kelele "Tega!" Ukiwa na kifaa cha jumbe zinazofuatana, panga hivi. Mbonyezo wa kwanza: "Kitendawili!" Wa pili: "Nyumba yangu haina mlango." Hapo watoto wanabahatisha, tena wanabahatisha vibaya kwa makusudi ili mchezo urefuke. Wa tatu: "Mmeshindwa! Nipeni mji!" Sasa wanambembeleza. Mmoja anampa Usa River, anatikisa kichwa. Mwingine anampa Kikatiti, anatikisa kichwa. Anataka Arusha yote, pamoja na Soko Kuu. Wa nne: "Nimekwenda, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni yai."

Angalieni kilichotokea hapo. Mtoto ambaye kila siku anaulizwa na wengine, anapewa na wengine, anaamuliwa na wengine, ameshika jibu ambalo darasa zima linalitaka, na halitoki mpaka atake yeye. Kwa hiyo ole wako mwalimu unayebonyeza kwa niaba yake kwenye mbonyezo wa tatu kwa sababu kengele iko karibu kulia. Kengele na ilie. Badilisha kitendawili kila wiki, maana yai likishajulikana halina mji. Na umpe kitufe cha pili chenye "Umepata!", kwa siku ambayo mjanja mmoja wa nyuma atajibu kabla ya wakati.

Usirekodi "Nataka" bila "Sitaki".

Hili halina mjadala. Mtoto mwenye kitufe cha kuomba tu amefundishwa kukubali tu, na mtoto anayekubali kila kitu na kila mtu yuko hatarini. "Sitaki", "Niache", "Naumia" na "Mwite mama" viwepo, na vikibonyezwa viheshimiwe hata kama anachokataa ni uji wa asubuhi. Kama ni dawa ambayo lazima anywe, mjibu kwa maneno: "Nimekusikia hutaki, lakini hii lazima, tukimaliza tunatoka nje." Kujifanya hukusikia kunamfundisha kwamba kitufe ni kelele.

Usimshike mkono ukambonyezea.

Huo ni usemi wako, umetumia kidole chake. Bonyeza wewe mwenyewe huku akikuona, useme ulichokusudia, kisha rudisha mikono yako ukae kimya. Hesabu hadi kumi moyoni, polepole. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hesabu hadi ishirini, kwa sababu mkono wake una safari ndefu kuliko wako. Ukimya huo utakuchoma. Vumilia.

Usiseme "Bonyeza tuone".

Mgeni akija, mtoto si maonyesho. Akiwa na la kumwambia mgeni, atamwambia.

Tafuta sauti ya rika lake.

Binti wa miaka tisa asisemewe na baba mtu mzima. Mwombe msichana wa darasa lake arekodi, kwa raha, si kwa sauti ya kusoma ubaoni. Msirekodi mvua ikinyesha juu ya bati, wala karibu na jogoo. Rekodi, sikiliza, futa, rudia. Maneno ambayo mkosha vyombo aliye chumba cha pili hayaelewi bado hayajarekodiwa.

Arusha ina jambo lake la ziada: wageni wa kujitolea. Wanakuja na moyo mwema na mikoba mikubwa, wanaacha vitufe vinavyojitambulisha kwa Kiingereza cha ng'ambo. Shukuru, kisha siku hiyohiyo futa na urekodi upya. Mtoto wa Ngaramtoni hana haja ya kuongea kama mtu wa London mbele ya shangazi yake.

Usifukuze lugha ya nyumbani. Darasani kifaa kiseme Kiswahili. Jioni dada yake akirekodi Kimeru au Kimaasai, ni sawa kabisa, na asubuhi mwalimu arekodi tena. Kazi hiyo inachukua dakika chache, usiifanye kisingizio.

Wala usiweke kitufe mahali ambapo mwili unatosha. Kwa Waarusha na Wamaasai mtoto huinamisha kichwa na mkubwa humgusa utosini. Salamu imekamilika, hakuna neno lililopungua. Mtoto anayeweza kuinamisha kichwa asiondolewe adabu ya kwao ili atumie plastiki. Ishara, macho, mguno wenye maana, kunyoosha kidole: vyote vinabaki. Kitufe kinaongeza, hakifuti.

Badilisha ujumbe.

Kitufe kinachosema "Heri ya Krismasi" mwezi Machi ni aibu ya mtu mzima. Ubandike ukutani mpango wa wiki: Jumatatu habari za nyumbani, ambazo mzazi amezirekodi Jumapili jioni ("Jana mbuzi wetu amezaa!"), na kadhalika. Lakini kwa kifaa cha vitufe vingi sheria inageuka. Maneno yakishapewa mahali, yasihamishwe, kwa maana mkono hujifunza njia. Ukihamisha "Maji" kutoka pembeni kwenda katikati kwa sababu picha zimependeza zaidi hivyo, umemrudisha mtoto mwanzo.

Na asiwe kama spika ya muuza sumu ya panya, ile inayozunguka mtaani ikirudia maneno yaleyale wala haijali nani anasikiliza. Mtoto akibonyeza mara kumi mfululizo, usimnyang'anye. Jiulize ni mara ngapi kati ya hizo kumi mtu amemjibu.

Kitoke darasani.

Soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, ni mahali pazuri. Rekodi "Punguza kidogo, mama!" na umpeleke mtoto kwenye nyanya. Kupatana bei ni mazungumzo pekee duniani ambamo kurudia sentensi moja bila kuchoka huhesabiwa kuwa ufundi. Soko lina kelele, kwa hiyo ongeza sauti na umsogeze karibu na muuzaji. Muuzaji akikujibu wewe, mwambie: "Aliyeuliza ni huyu."

Usikifungie kabatini.

Najua sababu: kitaibwa, kitavunjika, kimeandikwa kwenye daftari la mali, mkuu wa shule atauliza. Kitufe kilicho kabatini ni kinywa kilichofungwa. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara ya 2 ya mkataba huo, inapoeleza mawasiliano ni nini, inazitaja njia mbadala za kuwasiliana pamoja na lugha na maandishi. Kwa sababu hiyohiyo, usikiondoe kwa adhabu. Mtoto anayesema kwa kinywa akipiga kelele hatumkati ulimi.

Kitunze kwa vitu vilivyopo.

Vumbi la kiangazi la huku chini ya Meru linaingia kila penye tundu. Funika kwa nailoni nyembamba, lakini uache wazi matundu ya spika. Kifaa kikiteleza mezani, weka chini yake kipande cha tyubu ya gari iliyochakaa, hakitasogea. Mtoto ambaye mkono haufiki, jaribu kiwiko, goti, au upande wa kichwa, na umwombe mtaalamu wa tiba kwa vitendo aangalie anavyokaa kabla ya kulaumu kifaa. Betri ijaribiwe kabla ya kengele ya kwanza, si mtoto anapobonyeza na kukuta kimya mbele ya wote.

Siku betri itakapokufa uwe na karatasi. Kadi za picha, au ubao wa picha uliochorwa kwa mkono. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2016 orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, mbao, vitabu na kadi za mawasiliano vilikuwamo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kadi ni za maskini.

Usikae bila kitu kwa kukosa fedha.

Simu ya kitochi yenye uwezo wa kurekodi inaweza kuanza kazi, kwa sharti kwamba wewe ndiye unayetafuta faili na mtoto anabaki na mbonyezo mmoja tu wa mwisho. Ukimlazimisha apite kwenye menyu, umempa mtihani, hujampa sauti. Spika ya mkononi ya wamachinga inayorekodi nayo inafaa kwa kitendawili uwanjani, ukipunguza ukali wake. Ukikwama, Chuo cha Ualimu Patandi pale Tengeru kinaandaa walimu wa elimu maalum. Nenda ukaulize.

Mwalimu tarajali, usiondoke na sauti ya mtoto.

Ulikuja na kifaa chako kwa mazoezi ya kufundisha, mtoto akakizoea, sasa unafunga begi. Kama huwezi kukiacha, usingekianzisha bila kumwandalia kadi na kumfundisha mtu wa kubaki naye. Panga hilo wiki ya kwanza.

Shule zinapofungwa Juni na Desemba, kifaa kiende nyumbani pamoja na mtoto. Kiende na betri za akiba na karatasi moja: namna ya kurekodi kwa hatua tatu, maneno anayoyatumia sasa, maneno anayoyakataa, na sekunde za kumsubiri. Karatasi hiyohiyo irudi na apewe mwalimu wa darasa linalofuata siku ya kwanza, kabla ya daftari la mahudhurio.