Sabuni, Samaki na Kisima: Tujifunze Kupima Hatari ya Zebaki



Somo letu safari hii linatokana na kosa letu wenyewe. Tunalieleza wazi ili vikundi vingine visilirudie.

Mama mmoja wa kikundi chetu cha akiba hapa Manyatta alianza kuvimba. Asubuhi uso ulikuwa umefura, jioni miguu inakataa kuingia kwenye viatu. Alikuwa anachoka upesi, na mkojo wake ulikuwa na povu. Nyumbani kwa mume wake wakasema ni chira. Majirani wakasema ni maji ya kisima, kwa sababu kisima chao kiko hatua chache tu kutoka vyoo vya shimo. Wengine walikuwa wamesikia habari za zebaki inayotumiwa na wachimba dhahabu kule Migori, wakasema basi ni samaki wa ziwa. Alipotuuliza sisi, tulimjibu haraka haraka: chemsha maji, na samaki uache kwa muda.

Mama alitii. Kwa wiki sita watoto wake walikula ugali na sukuma wiki bila omena. Naye akaendelea kuvimba.

Aliyegundua jambo hakuwa sisi. Alikuwa nyamrerwa, yaani mhudumu wa afya wa mtaa, aliyepita kumwona. Akauliza maswali, na kabla ya kutoka akaona kipande cha sabuni kwenye kisahani karibu na karai la kuogea. "Mama, hii umeoga nayo tangu lini?" "Tangu mwaka jana. Inatoa madoa usoni." Karatasi ya sabuni ilikuwa bado ipo. Iliandikwa kwamba mtumiaji asiiguse akiwa amevaa dhahabu au fedha. Nyamrerwa akamwambia aifunge kwenye mfuko na aende nayo hospitalini. Huko walipima mkojo, wakakuta protini nyingi, dalili kwamba figo zinavuja. Daktari akamwamuru aache sabuni ile siku hiyo hiyo na aanze matibabu.

Sisi tulikosea wapi? Tuliogopa kabla ya kuuliza. Hebu tujifunze kuuliza.

SUMU NI KITU KIMOJA, HATARI NI KINGINE

Wengi wetu tumewapeleka watoto kumwona chui katika Hifadhi ya Impala hapa Kisumu. Chui yule ana meno na makucha. Lakini watoto wanasimama mbele yake wakila njugu, kwa sababu kati yao kuna wavu. Sasa mwondoe wavu. Chui ni yule yule, lakini hatari imebadilika kabisa.

Kemikali nazo ni hivyo. Ukali wa kitu peke yake hautoshi kutuambia hatari iliyopo. Ni lazima tujue pia kama kinatufikia, kwa njia gani, kiasi gani, na kinamfikia nani. Kwa hiyo tuna maswali manne. Tuyashike kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole cha tano tutakitaja mwishoni.

SWALI LA KWANZA: KITU CHENYEWE NI NINI?

Zebaki ni madini ya majimaji yenye rangi ya fedha. Ndiyo iliyokuwa ndani ya vipimajoto vya kioo tulivyovizoea hospitalini. Lakini zebaki ina sura tatu, na kila sura ina tabia yake.

Ya kwanza ni zebaki yenyewe. Wachimba dhahabu wadogo huitumia kushika chembe za dhahabu, halafu huichoma kwa moto. Mvuke wake ukivutwa unaingia mapafuni, na kutoka hapo unafika kwenye ubongo.

Ya pili ni chumvi za zebaki. Hizi ndizo zinazotiwa katika baadhi ya sabuni na krimu za kujichubua. Zinazuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili, ndiyo sababu madoa yanaonekana kufifia. Zinapoingia mwilini, figo ndizo zinazoumia zaidi. Zinaweza pia kuleta vipele na makovu, ganzi mikononi na miguuni, wasiwasi na huzuni nzito.

Ya tatu ni zebaki iliyogeuzwa na vijidudu ndani ya matope ya ziwa au bahari. Hii inaingia katika samaki, na ndiyo mbaya zaidi kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Dunia ilijifunza habari yake kule Minamata, Japani, ambapo kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga uchafu baharini kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Paka walianza kupepesuka na kufa, kisha wavuvi na watoto wao wakaugua. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini uchafu uliendelea kumwagwa miaka 12 zaidi.

SWALI LA PILI: INAINGIA KWA NJIA GANI?

Hapa ndipo tulipopotea. Tulimwambia mama achemshe maji. Kuchemsha ni kuzuri, tuendelee nako, kwa sababu kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na visima vya Manyatta vilivyo karibu na vyoo vinahitaji hivyo. Lakini moto hauondoi madini ndani ya maji. Dawa yetu ilikuwa ya ugonjwa mwingine.

Tulimwambia pia aache samaki. Watafiti waliopima samaki wa Ziwa Victoria kwa jumla walikuta zebaki kidogo. Mbuta wakubwa, ambao hula samaki wenzao kwa miaka mingi, huwa na zaidi. Omena ni mdogo na haishi muda mrefu, kwa hiyo hakusanyi nyingi. Kumbe tuliwanyima watoto chakula kizuri na cha bei nafuu bila sababu.

Njia ya kweli ilikuwa ngozi. Mtu anajipaka povu, wengine wanaliacha likauke usoni, na chumvi zinapenya. Kisha kuna mikono inayokanda ugali, taulo linalotumiwa na wote, na mto wa kulalia. Mtoto anayebebwa na kunyonya anagusa ngozi ile ile. Imewahi kuonekana katika nchi nyingine kwamba watu wa nyumbani, hata watoto wasiojipaka kabisa, walikutwa na zebaki mwilini kwa sababu ya krimu ya mtu mmoja.

SWALI LA TATU: KIASI GANI, NA KWA MUDA GANI?

Tupige hesabu pamoja. Mkataba wa Minamata, ambao ni mkataba wa dunia nzima kuhusu zebaki, ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017. Ulikataza sabuni na krimu zenye zebaki zaidi ya miligramu 1 kwa kila kilo. Maana yake, kipande cha sabuni cha gramu 100 hakikuruhusiwa kuzidi miligramu 0.1. Mwaka 2023 nchi wanachama zikakaza zaidi: ikifika 2025, vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viwe vimeondolewa, hata kama ni kidogo.

Sasa tuangalie sabuni zenyewe. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sabuni za aina hii huwa na chumvi ya zebaki iitwayo ayodidi kwa asilimia 1 mpaka 3. Tuchukue asilimia 2. Kipande cha gramu 100 kina gramu 2 za chumvi hiyo, na karibu nusu ya uzito wake ni zebaki tupu, yaani kama miligramu 880. Linganisha na miligramu 0.1. Ni zaidi ya mara 8,000! Na mtu anaoga nayo asubuhi na jioni, mwaka mzima.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 watu wazima waliokuwa wamevimba kwa sababu ya figo kuvuja protini. Zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kujichubua. Baadhi yao walipona kabisa baada ya kuziacha. Hilo tulishike, kwa sababu ni habari njema: akiacha mapema, mtu anaweza kupona.

Baadaye akaja Daktari Masazumi Harada wa Japani, aliyewahudumia wagonjwa wa Minamata kwa miaka mingi. Yeye na wenzake walipima nywele za watu upande wa Tanzania: wachimba dhahabu, wavuvi na familia zao, na wakaazi wa Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Walikuwa wakitafuta zebaki ya dhahabu na ya samaki, lakini walikuta pia watu wenye zebaki nyingi kwa sababu ya sabuni. Mwaka 2001 wakachapisha utafiti wa Kenya, wakaonya kwamba sabuni za kujichubua, zilivyoenea, zinaweza kuwadhuru watu kwa zebaki. Wataalamu wakubwa nao walianza na samaki. Tofauti ni kwamba wao walipima kabla ya kusema.

SWALI LA NNE: INAMFIKIA NANI?

Kiasi kile kile hakimwumizi kila mtu sawasawa. Walio hatarini zaidi ni mama mjamzito na mtoto aliye tumboni, mtoto anayenyonya, na mtu ambaye figo zake tayari zina shida. Tusimsahau msichana wa saluni anayewapaka wateja krimu kutwa nzima bila glavu, mlango umefungwa. Yeye hajichubui, lakini naye anafikiwa.

KIDOLE CHA TANO: MAJI YA KUOGEA YANAKWENDA WAPI?

Sabuni haiishi pale inapoisha kwenye kisahani. Hapa kwetu maji ya kuogea yanamwagwa uani au kwenye mtaro. Mengine yananywea ardhini, ile ile tunayochimba visima. Mengine yanafuata mitaro mpaka mto Auji, na Auji unaelekea ziwani. Zebaki haiozi. Ikifika kwenye matope, vijidudu vinaweza kuigeuza kuwa ile sura ya tatu, inayoingia katika samaki. Samaki tuliyemshtaki bure leo tunaweza kumtia hatiani kesho kwa mikono yetu.

TUFANYE NINI?

1. Tusome karatasi ya sabuni au krimu. Maneno kama "mercury", "mercuric iodide", "mercurio", "calomel" au "ammoniated mercury" ni dalili ya zebaki. Onyo la kuiweka mbali na dhahabu, fedha au aluminiamu ni dalili pia. Kama haina maandishi kabisa, tusinunue.

2. Tutafute alama ya ubora ya KEBS. Shirika hilo hutoa orodha ya vipodozi vilivyopigwa marufuku. Kikundi kinaweza kuomba orodha hiyo na kuibandika ukutani.

3. Anayetumia aache, na kama amevimba au mkojo una povu, aende hospitalini na sabuni yenyewe mkononi. Kipimo cha mkojo ni rahisi. Amwambie daktari ukweli.

4. Sabuni iliyobaki tusiichome, kwa sababu moto unatoa mvuke wa sumu. Tusiitupe chooni wala mtaroni. Tuifunge vizuri kwenye plastiki, tuiweke mbali na watoto, na tumkabidhi afisa wa afya ya umma.

5. Tusimcheke mtu. Mama wetu alificha sabuni ile kwa sababu aliona haya. Alituambia hivi: "Nikisema ninajichubua, mtanisema kwa kikundi." Aibu ilimchelewesha kuliko ujinga. Akina baba mnaosifu weupe, nanyi mwulizwe swali hili.

Mama yuko vipi sasa? Uvimbe ulipungua polepole, miezi kadhaa. Bado anaenda kliniki kupimwa. Siku aliyorudi kikundini alileta omena wa kukaanga kwenye hotipoti, akauweka katikati ya meza, akatuambia, "Haya, leo mle nyinyi mlioninyima." Tulikula tukiwa tumeinamisha vichwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja kitu kimoja ambacho watu wa mtaa wenu wanakiogopa sana. Kipitishe katika maswali manne na kidole cha tano. Je, wavu upo ama haupo?

2. Taja kitu kimoja cha nyumbani ambacho hakuna anayekiogopa: dawa ya panya, betri ya gari, dawa ya kunyunyizia mboga. Kipitishe vilevile.

3. Katika kikundi chenu, mtu mwenye haya anaweza kumwambia nani shida yake? Kama hayupo, tufanye nini ili apatikane?