Padri Gillon na Jiwe la Shinkolobwe

Karibu na Likasi, katika Katanga, pana mahali panapoitwa Shinkolobwe. Mwaka 1915 watu waligundua huko jiwe zito lenye urani. Jiwe hilo halikupita Kalemie wala kuvuka ziwa Tanganyika. Lilikwenda kwa treni mpaka Ilebo, likashuka mto kwa mashua, likapanda treni tena hadi Matadi, na meli zikalipeleka Marekani. Agosti 1945 bomu la urani liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima, Ujapani. Urani yake nyingi ilitoka Shinkolobwe.

Luc Gillon, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1920, alikuwa padri na bingwa wa fizikia. Alisoma Louvain, kisha Princeton, Marekani. Mwaka 1954 akawa mkuu wa kwanza wa Lovanium, chuo kikuu juu ya mlima Amba, Kinshasa, mji ulioitwa Léopoldville wakati huo. Weusi na weupe walikaa benchi moja.

Gillon aliona kwamba nchi iliyotoa jiwe inastahili kupata pia elimu yake. Neno hilo lilikuwa la haki, lakini haki bila mtu wa kuisemea hulala. Fizikia peke yake haikutosha. Ilimpasa kuzungumza na wakubwa wa serikali. Marekani ikatoa kinu cha atomi, na tarehe 6 Juni 1959 kikaanza kazi. Kikaitwa TRICO. Kilikuwa cha kwanza katika Afrika yote.

Kinu hiki si cha kutwangia mihogo! Ndani ya birika la maji safi mna fimbo za urani. Chembe za urani zikipasuka hutoa joto, na pia vipande vidogo sana vinavyopasua chembe nyingine. Fimbo za namna nyingine humeza vipande hivyo: ukizishusha, kazi hupoa, ukiziinua, huongezeka. Bomu halina fimbo za kulizuia. Nguvu ya TRICO ilikuwa kilowati 50 tu, maana kazi yake ilikuwa kufundisha na kuchunguza.

Mlima ule ule ulifundisha pia lugha na falsafa. V. Y. Mudimbe, mwandishi mashuhuri aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, alisoma huko.

Mwaka 1967 padri Mkongo, Tharcisse Tshibangu, alishika nafasi ya Gillon. Kinu cha pili, chenye nguvu zaidi, kiliwashwa mwaka 1972, kikasimama mwaka 2004. Gillon alifariki mwaka 1998.