Gari la Chama Linapokosa Nguvu: Namna ya Kutafuta Kasoro Kabla ya Kununua Vipuri

Madhumuni ya somo hili ni kuwapa wanakamati, madereva na watunza hazina wa vyama wanachama utaratibu wa kuchunguza gari ambalo hukosa nguvu pindi dereva akanyagapo pedali ya mafuta. Kasoro hii ni ya kawaida, lakini hula fedha nyingi za vyama kwa sababu moja: vipuri hununuliwa kabla ya ugonjwa kujulikana. Hatari yake nayo si ndogo. Gari lisiloitika wakati wa kulipita gari jingine barabarani huweza kuwagharimu watu maisha yao.

Katika Mwananyamala, kama ilivyo katika vitongoji vingine vya Kinondoni na Temeke, gereji bubu hupatikana kwa urahisi, na wengi wa mafundi wake wana ujuzi wa miaka mingi. Maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani hayako mbali. Ukaribu huo ni neema, lakini pia ni kishawishi. Ni rahisi zaidi kumtuma mtu akanunue plagi kuliko kukaa nusu saa na kuuliza kwa nini plagi zinashukiwa.

Injini inahitaji nini?

Injini ya petroli huhitaji mambo matano: hewa ya kutosha, mafuta kwa kipimo, cheche kwa wakati wake, mgandamizo ndani ya silinda, na njia wazi ya kutolea moshi. Injini ya dizeli haina cheche; joto la hewa iliyogandamizwa ndilo huwasha mafuta yanayopulizwa na nozeli. Likipungua jambo moja kati ya hayo, nguvu hupungua.

Yafaa ifahamike kuwa hewa ndiyo chakula kikubwa cha injini. Kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue barabara. Kwa hiyo lita 1 ya petroli hutumia takriban lita 9,000 za hewa, na hewa yote hiyo hupita katika chujio moja. Gari linalopita kila siku katika mitaa yenye vumbi haliwezi kutumia chujio muda sawa na gari la barabara ya lami.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba injini iliyosimama bila mzigo haihitaji nguvu nyingi. Pampu dhaifu huweza kuitosheleza. Koili iliyochoka huweza kuiwasha. Dereva akanyagapo mafuta, silinda hujaa zaidi, mgandamizo huongezeka, na cheche huhitaji umeme mkali zaidi ili iruke. Hapo ndipo udhaifu hujitokeza. Basi gari lingurumalo vizuri chini ya mwembe wa gereji halijathibitisha lolote. Hapana budi lijaribiwe likiwa na mzigo au likipanda kilima.

Utaratibu wa uchunguzi

Kanuni ni kuanza na yasiyogharimu kitu na kumalizia na yanayogharimu sana.

Hatua ya 1: Dereva aulizwe. Kasoro ilianza lini, ghafla au polepole? Ilianza baada ya kujaza mafuta, baada ya matengenezo, au baada ya kupita katika maji ya masika? Hutokea injini ikiwa baridi au ikipata moto? Moshi una rangi gani? Moshi mweusi huonyesha mafuta mengi kuliko hewa. Moshi wa buluu huonyesha kuwa oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na maji ya rejeta kupungua, huonyesha kuwa maji yanaingia katika silinda.

Hatua ya 2: Yaangaliwe yaliyo nje ya injini. Breki iliyoganda hulizuia gari hata injini ikiwa nzima. Baada ya mwendo mfupi, kila gurudumu lisogelewe kwa mkono bila kuligusa. Lenye joto kupita mengine lishukiwe. Klachi iliyokwisha hujulikana kwa mlio: injini hupandisha sauti lakini mwendo hauongezeki. Upepo wa magurudumu na uzito wa mzigo navyo vikaguliwe.

Hatua ya 3: Pedali na hewa. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage pedali mpaka mwisho, na mwingine atazame kama waya wake unafungua kilango cha hewa chote. Magari mapya mengi hayana waya huo, bali hutumia umeme. Hata hivyo pedali yake ni lazima ifike mwisho. Kisha chujio la hewa litolewe na kutazamwa, na mipira ya hewa ichunguzwe kama imepasuka au imelegea. Katika gari lenye turbo, mpira uliolegea aghalabu huwa na alama za oili na hutoa mlio wa kuvuja upepo wakati wa kuongeza mwendo.

Hatua ya 4: Mafuta. Gari linalovuta vizuri kwa muda mfupi kisha likalegea au kukukuruka, huenda mafuta hayafiki kwa wingi unaotakiwa. Chujio la mafuta huziba kwa kutu na uchafu wa tangi, na hasa mafuta yanapotiwa kwa madumu. Mfuniko wa tangi usiopitisha hewa huweza pia kuyazuia: ukifunguliwa ukavuta hewa kwa nguvu, na gari likapona kwa muda, sababu imepatikana. Baada ya hayo ndipo fundi apime shinikizo la pampu kwa geji.

Ubora wa mafuta nao uzingatiwe. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini kugonga na kukosa nguvu. Ili kukomesha uchakachuaji huo, mwaka 2010 EWURA ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Chama kitunze stakabadhi ya kila ununuzi wa mafuta, maana bila stakabadhi hakuna malalamiko yatakayosikilizwa.

Kwa injini ya dizeli iko kanuni fupi. Ikikosa nguvu na kutoa moshi mweusi, kwanza ishukiwe hewa, turbo au nozeli. Ikikosa nguvu bila moshi, kwanza yashukiwe mafuta yasiyofika, au pedali isiyofika mwisho.

Hatua ya 5: Cheche. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 25 kwa sekunde katika kila silinda. Plagi zitolewe na kulinganishwa. Plagi moja iliyo tofauti na nyingine huonyesha silinda yenye tatizo. Zote zikiwa nyeusi na kavu, hewa ni kidogo au mafuta yamezidi. Magari yenye kompyuta yapimwe kwa mashine, lakini isisahaulike kuwa namba inayosomwa huonyesha mahali pa kutafuta tu. Namba inayotaja sensa huweza kusababishwa na waya uliokatika au mpira wa hewa uliopasuka.

Hatua ya 6: Njia ya moshi. Bomba lililobonyea, au kisafisha moshi kilichoziba kwa ndani, huifanya injini kukosa pumzi. Dalili yake ni gari kuondoka vizuri lakini kugoma kuongeza kasi. Kazi ya kulegeza bomba na kulijaribu gari iachiwe fundi, injini ikiwa imepoa.

Hatua ya 7: Mgandamizo. Hatua hii ni ya mwisho, kwa sababu jibu lake huweza kumaanisha kufungua injini. Silinda zote zipimwe, na vipimo viandikwe. Silinda iliyo chini sana ya wenzake ipimwe tena baada ya kutiwa kijiko cha oili. Kipimo kikipanda, ringi zimekwisha. Kisipopanda, vali au gasketi ishukiwe. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, aghalabu gasketi ya kichwa cha silinda imeungua baina yake. Kwa injini ya dizeli itumike geji yake maalumu, na kipimo cha oili kiachwe.

Tahadhari: mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa na moto, mfumo wa mafuta usifunguliwe karibu na sigara au jiko, na mtu asiweke mkono mbele ya nozeli ya dizeli inayopuliza, kwani mafuta yake hupenya ngozi.

Si kila ulegevu ni ugonjwa

Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Dar es Salaam iko kando ya bahari, na Iringa iko katika mwinuko wa mita 1,500 hivi. Gari lenye shehena lililopanda Kitonga na kufika Iringa litakuwa limelegea, na dereva asilaumiwe wala injini isifunguliwe. Likiendelea kulegea baada ya kurudi pwani, hapo pana kasoro.

Mfano wa kujifunzia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya mafunzo. Chama cha akiba na mikopo kina gari dogo la mizigo. Dereva aliripoti kuwa gari limekuwa zito. Zilinunuliwa plagi mpya, lakini hali haikubadilika. Ikanunuliwa pampu ya mafuta, nayo haikusaidia. Fundi akapendekeza injini ishushwe, na kamati ikakutana ili kuidhinisha fedha ambazo zilikuwa zimetengwa kwa mikopo ya wanachama.

Katika kikao hicho mjumbe mmoja aliuliza maswali manne. Je, kuna moshi? Hapana. Je, mlio wa injini unakatika? Hapana. Je, mafuta yanatumika zaidi? Hapana. Je, kasoro ilianza lini? Katika wiki lilipotandikwa kapeti jipya mbele ya kiti cha dereva. Wajumbe walitoka nje wakalitazama gari. Kapeti lilikuwa limekunjamana chini ya pedali, na kilango cha hewa hakikufunguka hata nusu. Kapeti liliondolewa, na gari likapona siku hiyohiyo. Fedha za plagi na pampu zilikuwa zimekwenda. Za mikopo ziliokolewa.

Wajibu wa kamati

Mali bila daftari huisha bila habari. Kila gari la chama liwe na daftari lake, ambamo dereva ataandika kilomita, mafuta, dalili na matengenezo. Kabla ya kuidhinisha ununuzi wa kipuri, kamati iulize: Ni kipimo gani kimeonyesha kuwa kipuri hiki kimekufa? Ni hatua zipi zilizotangulia zimekamilishwa? Nani atalijaribu gari likiwa na mzigo baada ya matengenezo? Kipuri kikuukuu kirudishwe ofisini pamoja na stakabadhi ya kile kipya. Utaratibu huu humlinda pia fundi mwaminifu, kwa sababu kazi yake itaonekana katika maandishi.

Maswali ya kujadiliwa kikundini

1. Kwa nini injini yenye koili dhaifu huweza kunguruma vizuri ikiwa imesimama?
2. Gari la dizeli limekosa nguvu na halitoi moshi. Yataje mambo mawili ya kuchunguzwa kwanza.
3. Katika mfano uliotolewa, ni hatua ipi iliyorukwa, na nani alipaswa kuizuia?
4. Je, gari la chama chenu lina daftari? Ni nani alilisoma mara ya mwisho?