Kivuli Kinapima Sayari



Namna gani watu wanajua ukubwa wa sayari ambayo hakuna mtu ameiona? Tuchukue nyota HD 209458, katika kundi la Pegasi. Inalipita jua letu kidogo tu kwa uzito na upana. Mwanga wake unasafiri karibu miaka 157 mpaka kutufikia, kwa hiyo macho matupu hayaioni.

Mwaka 1999 walikuwa wamekwisha kupima kwamba nyota ile inavutwa huku na huku kila siku 3 na nusu. Kuna kitu kinaizunguka, katika mwendo wa kilometa milioni 7 tu kutoka kwake. Sisi na jua letu ni milioni 150! Juu ya sayari za namna ile wengine walikuwa na shaka, walisema labda ni nyota yenyewe inatetemeka. Lakini kama sayari iko kweli, na inapita mbele ya nyota, mwanga utapunguka kwa saa ile hesabu imesema.

Septemba 1999, David Charbonneau, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, alingojea kwa telesikopi yenye lenzi ya sentimita 10 tu. Mwanga ulipunguka, karibu saa 3 nzima, kisha ukarudi. Novemba, Greg Henry naye aliona vile vile kwa telesikopi ingine.

Sasa hesabu. (Wale wanaouliza rasini kare itawasaidia nini, wasome hapa polepole.) Mwanga ulipunguka karibu 1,5 kwa mia. Usiseme basi upana wa sayari ni 1,5 kwa mia ya nyota, hapana! Kinachofunika mwanga ni eneo, siyo upana. Chukua rasini kare ya 0,015, utapata 0,12. Upana wa nyota ni karibu kilometa 1.670.000; zidisha na 0,12, unapata 200.000. Jupita ina 143.000. Basi sayari hii inaipita Jupita kwa upana mara 1,4.

Na uzito? Kuvutwa kwa nyota peke yake kunatupa kiasi cha chini tu, kwa sababu hatujui njia ya sayari imelala namna gani. Lakini ikipita mbele ya nyota, tunajua tunaiangalia njia ile kwa ubavu, na uzito unakuwa wa kweli: karibu 0,7 ya Jupita. Ujazo ni 1,4 × 1,4 × 1,4, ni kusema 2,7. Gawanya 0,7 kwa 2,7, unapata 0,26. Sentimita kyubi moja ya Jupita ina gramu 1,33. Ya sayari hii gramu 0,34, theluthi moja ya maji! Jiwe haliwezi kuwa jepesi hivyo. Ni gazi, tena yenye moto kupita digrii 1.000.

Mwaka 2001 wenye kutumia telesikopi Hubble walitangaza kwamba katika mwanga uliopita pembeni ya gazi ile mna alama ya sodiamu, ile ile iliyo ndani ya chumvi ya jikoni.